Sinia Moja ya Athumani na Kadzo

Mwezi huu nimeweka upawa chini. Najua wenzangu mnaobaki mkahawani mnacheka kwamba mtu wa miaka ishirini na tisa anajiita mstaafu, na mimi mwenyewe nimelifikiria neno hilo siku tatu kabla ya kuliandika. Lakini miaka kumi na moja ya kupakua chakula cha watu ni kazi nzima, nayo imekwisha. Baba hana tena nguvu za kusimamia minazi yake kule Kikambala, nami ndiye mwanawe wa pekee. Basi kabla sijaondoka Malindi nimekaa niwaandikie niliyojifunza, hasa ya chumba cha nyuma. Ya chumba cha mbele mtayajua wenyewe kwa wiki moja.

Sitawaeleza nililipwa nini, wala lini niliitwa mkuu wa wapakuzi. Tulikuwa wapakuzi wawili, na mwenzangu alikuwa anaumwa miguu.

Nilianza siku chache baada ya kuhitimu chuoni Lamu. Nilikuwa nimeisoma Kurani nikaimaliza, nimesoma fikihi na nahau, na nilikuwa na hofu ya kila kitu. Bwana Gulamali, Mhindi mwenye duka la nguo aliyefungua mkahawa huu ubavuni mwa duka lake, alinipa mdila wa kahawa akaniambia niwazungukie wateja. Walikuwa kumi na wawili. Nikasimama mlangoni nikifikiri. Nianzie upande wa kulia kama tulivyofunzwa, au nianze na mkubwa wa umri? Na mkubwa wa umri ni yule mwenye ndevu nyeupe, au ni yule asiye na meno? Nilipokata shauri, kahawa ilikuwa imepoa.

"Shehe!" sauti ya mwanamke ikaniita kutoka jikoni. "Hiyo kahawa unawapa, au unaisomea dua?"

Huyo alikuwa Bi Zamzam, mpishi wetu, na tangu siku hiyo hakuniita Bakari isipokuwa akiwa amekasirika. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kwamba upawa wa mchuzi hushikwa karibu na kichwa chake, si mwishoni, ili mkono usitetemeke mbele ya wageni. Alinionyesha kwamba kawa, lile jamanda la ukindu la kufunikia chakula, halifunuliwi na mpakuzi hata mara moja. Hulifunua mwenye kula. Alinionyesha kutofautisha tui la kwanza na tui la pili kwa kulitazama likiteremka kwenye kifumbu. Miezi sita ya mwanzo nilikuna nazi juu ya mbuzi mpaka vidole vikawa havina ngozi. Akaniambia ngozi huota tena, ila nazi ikishaingia damu ndiyo basi.

Sasa, chumba cha nyuma. Mnajua kwamba Bwana Gulamali alikitenga kwa pazia kwa ajili ya wasafiri wenye wake zao, wale wanaoteremka kungojea chombo cha kwenda Lamu au wanaotoka Takaungu kwa miguu. Mwanamke wa heshima haketi mbele ya wanaume kumi na wawili akitafuna. Ndani ya pazia kuna mkeka mmoja, birika la kunawia na dirisha la juu. Na kuna sheria moja niliyopewa siku ya kwanza: mume na mke hupakuliwa sinia moja. Nyumbani kwetu, wakiwapo wageni, wanaume hula kwao na wanawake kwao. Lakini mtu na mkewe wakiwa wawili tu, chakula chao ni kimoja. Mume akitaka mkewe atengewe chake mbali, watu huelewa kwamba ameanza kumtenga na mengine.

Niliijua sheria hiyo. Kumbukeni hilo mtakapofika mbele.

Ugumu wa chumba cha nyuma ni kwamba watu wawili waliooana hawana ulimi mmoja. Wa kwanza kunitia jasho walikuwa bwana na bibi kutoka Matsangoni. Mume alitaka mchuzi uwe na pilipili ya kumtoa machozi. Mke alisema pilipili ikimgusa anavimba midomo. Nikasimama na upawa wangu nikipima haki za mume na haki za mke kwa muda ambao Bi Zamzam alisema ungetosha kuchinja mbuzi na kumchuna. Akachukua kibakuli, akaponda pilipili kwa chumvi na ndimu, akakiweka pembeni mwa sinia upande wa bwana. Kwisha. Tangu hapo pilipili yetu haiingii chunguni, na nawaomba msibadilishe. Kwa njia hiyo hiyo niliwamaliza waliogombana juu ya chumvi, juu ya bamia, juu ya mkate wa mofa na wali. Kufikia mwaka wa kumi nilikuwa najisifu kwamba hakuna ndoa inayoweza kunishinda.

Ndipo walipokuja Athumani na Kadzo.

Athumani ni dalali wa nafaka, mnamjua, yule mwenye kicheko cha kusikika hadi msikitini. Huzunguka bara akinunua mahindi, na katika kuzunguka kwake akamwona Kadzo kwao Jilore, akamwoa. Kadzo alisilimu akapewa jina jingine, lakini mumewe aliendelea kumwita Kadzo, na sisi pia. Walikuwa wakikaa mtaa wa Shela nyumbani kwa mama yake Athumani, Bi Mwanamkuu. Niliwaona mara ya kwanza Ijumaa moja baada ya sala. Nikashangaa, kwa sababu mtu mwenye mama na jiko katika mji huu huu hana haja ya kumleta mkewe mkahawani.

"Wali wa nazi," Athumani aliagiza, "na nguru wa kupaka, tui zito. Na tambi za sukari."

"Mna wari?" Kadzo akauliza taratibu. Kwao sima huitwa hivyo.

"Leo hatukusonga, dada."

Nikapakua. Sinia iliporudi, upande wa mume ulikuwa mweupe kama umelambwa, na upande wa mke ulikuwa na alama tatu za vidole. Ijumaa ya pili, vivyo hivyo. Nilianza kukosa usingizi. Labda ni mgonjwa. Labda ni mjamzito. Labda anamwonea haya mumewe, au ameona unywele katika wali na hakutaka kutuaibisha. Nilipata sababu tisa, na sikumwuliza mtu hata moja. Jumatano sokoni nikamwona Kadzo kwa mbali amechutama na wanawake wa Jilore waliokuja kuuza mboga, anakula sima baridi kutoka kwenye jani, na mtsunga, ile mboga chungu ya porini, kwa pupa ya mtu aliyefunga. Nikasema, haya, nimejua.

Ijumaa ya tatu sikumngoja mtu aagize. Niliamka alfajiri, nikanunua mtsunga, nikamwomba Bi Zamzam asonge sima. Kisha nikakata shauri lililonipendeza sana nilipokuwa nalitunga: harufu ya samaki wa kupaka isiiguse sima ya Kadzo, na uchungu wa mtsunga usiuguse wali wa Athumani. Nikapakua sinia mbili. Bi Zamzam alikuwa uani anapeta mchele, angekuwapo asingeniacha. Nikazibeba, moja kila mkono, kila moja na kawa lake, nikapita nazo katikati ya chumba cha mbele, mbele ya macho ya wanaume wote waliotoka msikitini.

Kisha mmoja akauliza, "Nyuma kuna nani?"

"Athumani dalali na mkewe."

"Loo! Wameshatengana sinia?"

"Na miezi minne haijatimia!"

Niliyasikia hayo nikiwa nimeshalivuka pazia. Athumani naye aliyasikia. Alizitazama sinia zile mbili, akanitazama mimi.

"Bakari, nani amekwambia utupakulie mbalimbali?"

"Niliona kwamba bibi—"

"Umeona! Umenitangazia talaka mbele ya mji mzima, unasema umeona! Mamangu atayapata haya kabla sijavaa viatu."

Kadzo alikuwa ameshafunua kawa lake. Akamega sima, akachovya mtsunga, akafumba macho.

"Kadzo, unasikia ninayosema?"

"Nasikia," akasema, kinywa kimejaa. "Wewe gomba naye. Mimi nakula."

Alimaliza yote. Athumani hakugusa hata tonge.

Asubuhi yake alinijia jikoni bila kicheko chake. Mambo yalikuwa mabaya kuliko nilivyohofu, nami huhofu sana. Bi Mwanamkuu hakuwahi kumtaka mkwe wa bara. Jikoni kwake kila kitu huungwa kwa nazi, na Kadzo hawezi: tui zito humchafua tumbo. Mama akachukulia kuwa ni dharau. Ndiyo maana Athumani alikuwa akimleta kwetu, ili angalau siku moja kwa juma ale pasipo mtu wa kumhesabia matonge, ila naye kwa ujinga wake akawa anaagiza kile kile cha nyumbani. Sasa mji ulikuwa umesema wametengana. Bi Mwanamkuu aliposikia hakufoka. Alituma mtu Jilore kumwita kaka yake Kadzo aje Jumamosi ijayo amchukue dada yake.

"Amesema watu wasiokula pamoja hawakai pamoja, na kwamba si yeye aliyesema bali ni mji," Athumani alinieleza. "Nimemwambia si kweli. Nimemwambia aje Ijumaa ale nasi hapa ajionee. Amekubali. Na Kadzo amesema akiona bado hatakiwi, atakwenda na kaka yake kwa miguu yake mwenyewe, hatangoja kusukumwa. Basi, Bakari, ulichokibomoa kijenge. Sinia moja, na wote wawili tule, tule kweli."

Wenzangu, siku sita zile zilinizeesha. Nilichora sinia kwa mkaa sakafuni, nikafuta, nikachora. Siku ya tatu Bi Zamzam akakanyaga mchoro wangu.

"Wewe Bakari," akasema, na mnaona hakuniita Shehe, "umemfikiria yule mtoto wa watu tangu mwezi umeandama. Je, umemwuliza?"

Nikamfuata Kadzo sokoni, nikasimama mbali kwa adabu, nikamwuliza: anachukia samaki?

"Samaki simchukii," akasema. "Namchukia akiogeshwa tui. Mpe moto na chumvi, namla. Lakini kaka, kuna jambo. Ule mtsunga mliupika mkamwaga maji mara mbili, sivyo?"

"Mara mbili, ili uchungu upungue."

"Uchungu ndio mboga yenyewe. Msimwage."

"Na Athumani ameshawahi kuuonja?"

Akacheka. "Anasema kichungu ni dawa, na yeye si mgonjwa."

Hapo elimu yangu ya chuoni ikanifaa kwa mara ya kwanza mkahawani. Tulifunzwa tangu utotoni kwamba mwenye adabu hula cha mbele yake. Hapeleki mkono mbele ya mwenzake. Basi sinia moja yaweza kuwa na pande mbili, na hakuna atakayevunja heshima. Ijumaa nikapanga hivi: wali wa nazi mbele ya Athumani na mchuzi wake; sima mbele ya Kadzo na mtsunga wake mchungu; na katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, changu wawili waliochomwa kwa chumvi na ndimu tu, ambao wote wawili wangewala. Kawa moja. Nilipoipitisha chumba cha mbele niliibeba juu kidogo, ili ihesabike.

Bi Mwanamkuu alikuwa ameshaketi. Ni mwanamke mdogo wa mwili, na alikuwa hajawahi kula kwenye nyumba yenye kuuza chakula. Mkono wake ulikuwa umekunja ncha ya mkeka kuangalia vumbi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiwe msomi mwenye sinia mbili?"

"Leo moja, Bi Mkubwa."

Athumani akafunua kawa. Mama yake akaitazama sinia kutoka huku hadi kule. "Hiki chakula, au ni mashamba mawili na mpaka wake?"

Wakanawa, wakasema bismillahi, wakaanza. Nilipaswa kutoka, lakini nilibaki penye pazia na birika mkononi, nami sijuti. Athumani alikula wali. Kadzo alikula sima. Wote walikula, na walikula kweli, kila mtu kwa adabu cha mbele yake, na mikono yao haikukutana hata kwenye samaki. Bi Mwanamkuu hakutia mkono. Aliwatazama kwa muda, kisha akasema kwa upole ulionitisha kuliko ukali:

"Mnaona? Kila mtu kwake. Nilichokisikia ndicho ninachokiona."

Nikalishusha birika. Nilikuwa nimefikiri juma zima, na nilichotengeneza kilikuwa ni zile sinia mbili tena, ila zimeshonwa pamoja. Kadzo aliacha kutafuna. Akaukunja mkono, akaanza kutafuta maji ya kunawa kwa macho, na nilijua kwamba akishanawa, kesho ataondoka.

Athumani akapeleka mkono. Aliupeleka juu ya samaki, akavuka, akamega sima mbele ya mkewe, akachota mtsunga mwingi kuliko wachotao waliozaliwa nao, akatia kinywani.

"Athumani!" Bi Mwanamkuu akashtuka. "Nimekufunza kula cha mbele yako!"

Uso wa Athumani ulikunjika, macho yakajaa maji, shingo ikatanuka kama ya mtu anayemeza jiwe.

"Tema, mwanangu, tema!"

Akameza. Akavuta pumzi. "Kichungu, mama," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Kichungu hasa." Na akapeleka mkono tena.

"Basi mbona unarudi?"

"Cha mbele yangu nimekila miaka thelathini. Nakijua."

Kadzo alikuwa amejiziba mdomo kwa ukaya, mabega yanacheka. Kisha akaacha kucheka. Akanyoosha mkono wake hadi kwenye wali wa mumewe, akachukua tonge dogo, akalitazama kama mtu anayetazama maji ya baridi kabla ya kuoga, akala.

"Vipi?" Athumani akamwuliza.

"Utamu wake wanichosha," akasema. "Lakini sitakufa."

Samaki walikuwa wamevurugika, wali umemwagikia kwenye sima, na mbele ya nani ni wapi hakuna ambaye angeweza kusema tena. Kwa mpakuzi ilikuwa sinia mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona. Bi Mwanamkuu akaniita kwa kidole, akanyoosha mikono nikammwagia maji. Akang'oa shavu la changu, ambalo ndilo tamu, akala. Halafu, bila kumtazama mtu, akachukua jani moja la mtsunga kwa ncha ya vidole, akalitafuna polepole kwa meno ya mbele.

"Mnamwaga maji yake?" akamwuliza Kadzo.

"Hatumwagi, mavyaa."

"Hm," akasema.

Sikulala siku hiyo pia, maana hm ya mama mkwe ina maana nyingi.

Jumamosi kaka yake Kadzo alifika. Alipitia kwetu kuuliza njia ya Shela, kijana mrefu mwenye vumbi la Jilore hadi magotini, nikamwelekeza nikiwa na moyo mzito. Adhuhuri alirudi peke yake, akaomba maji ya kunywa.

"Dada yuko wapi?" nikamwuliza.

"Amekataa kuja." Akanywa, akapangusa mdomo. "Na yule mama mkubwa hakunipa hata nafasi ya kuketi. Ameniambia nimetembea bure, basi nisirudi bure. Jumatano nilete mtsunga, mzigo mzima, mbichi, na mbegu. Anataka kupanda uani."

Ijumaa iliyofuata niliandaa mapema. Nilichagua changu wazuri, Bi Zamzam akasonga sima, mkeka nikaupiga maji. Sala ikaisha, watu wakajaa chumba cha mbele, na pazia la nyuma halikuguswa. Ijumaa ya pili nayo, na ya tatu. Kufikia ya nne Bwana Gulamali alikuja jikoni akiwa na wasiwasi wa mfanyabiashara.

"Bakari, wale bwana na bibi wa Shela hawaji tena. Umewafanya nini?"

"Wanakula kwao," nikamwambia.